Jezi Iliyokamatwa Isevya

Kibanda cha mpira ninachokwenda kiko Isevya, hapa Tabora, nyuma ya mashine ya kusaga. Kina bati juu na turubai ubavuni, mabenchi ya mbao, na televisheni kubwa ambayo mwenye kibanda aliinunua alipochoka kuchimba dhahabu huko Nzega. Vibanda vya namna hii watu huviita vibanda umiza. Anayetaka kujua sababu akae kwenye benchi lile mpaka dakika ya tisini, mgongo utamweleza. Mimi nimepewa kiti cha plastiki. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na wengi wanaokaa kwenye mabenchi yale niliwafundisha kusoma, kwa hiyo kiti sikukiomba.

Timu ninayoishangilia niliirithi kwa mume wangu, kama wengine wanavyorithi shamba. Ni timu ya Uingereza. Jina lake silitaji, kwa kuwa yaliyoipata yamezipata na nyingine. Mume wangu aliipenda tangu enzi za kungoja matokeo redioni, miaka ambayo ilikuwa ikifungwa mpaka watu wanamhurumia. Jumamosi ya kwanza baada ya arobaini yake, saa kumi na moja jioni ilifika nikiwa jikoni, na hakuna mtu aliyenisihi nipunguze kelele za sufuria. Nilizima moto. Nikavaa jezi yake juu ya gauni, nikajifunga kitenge, nikaenda kibandani. Nilipoingia vijana walinyamaza, wakadhani nimemfuata mtu nimtoe. Nilipoketi na kuuliza ni ngapi kwa ngapi, ndipo wakapumua.

Aliyenikaribisha siku ile ni mtani wangu. Inafaa nieleze utani ni nini, maana watoto wa siku hizi wanaujua wa mpira tu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mgogo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani kwa miguu, na njia ilipita Ugogo, kwenye ukame. Wagogo walikuwa na visima. Msafara ukifika unasimama, mpaka ulipe hongo. Zamani neno hilo halikuwa na maana ya rushwa, lilikuwa ushuru wa njia na wa maji. Watu wakagombana, wakapatana, wakaoleana, mwisho wakawa watani: Mgogo anaweza kuniambia lolote, anaweza kukamata kitu changu mbele za watu, na mimi siruhusiwi kununa. Naruhusiwa kukikomboa tu, kwa soda, kuku, au chochote atakachotaja. Naye siku yake ikifika namtendea hivyo hivyo.

Huyu wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, akajenga karibu na njia ya treni kwa sababu, anasema, bila mlio ule halali. Timu yake ni ile isiyopatana kabisa na yetu. Siku ya kumzika mume wangu alisimama mbele ya jeneza na skafu ya timu yake shingoni, akazuia watu wasiende. Akamwambia marehemu, "Umeona unafungwa, umeamua kutoka kabla ya filimbi. Mwoga wewe! Na huyu mke unayeniachia, mbona ana deni la maji?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia. Tangu siku hiyo ananiita mke wangu, na kibandani benchi lake liko jirani na kiti changu, atusimange vizuri.

Kisha timu yetu ikanunuliwa. Aliyeinunua hakuwa mtu. Ilikuwa serikali ya nchi moja tajiri ya mafuta, kupitia mfuko wake. Kibandani habari hiyo ilipokewa kwa vigelegele, kwani kila mmoja alijua wachezaji wazuri watakuja. Dereva mmoja wa bodaboda, niliyemfundisha darasa la tatu, akageuka.

"Mwalimu, nchi inanunuaje timu? Kwani timu ni ng'ombe?"

"Inanunua kama inavyonunua hoteli," nikamwambia. "Lakini tofautisha. Mfanyabiashara akinunua timu anatafuta faida, na akichoka anauza. Serikali yenye mafuta haihitaji faida ya tiketi."

"Sasa inatafuta nini?"

"Inatafuta kupendwa. Leo ukisikia jina la nchi ile unakumbuka nini?"

Akafikiri. "Joto."

"Baada ya miaka michache utakumbuka mabao."

"Si jambo jema hilo, mwalimu? Kupendwa?"

"Ni jema," nikasema. Mtani wangu akaingilia kati. "Mke wangu keshauzwa na timu yake, hata mahari sijaletewa!" Kicheko kikafunika somo, mechi ikaanza.

Na kweli tukaanza kushinda. Sina haja ya kuficha raha niliyoipata. Nilishinda mechi ambazo mume wangu alizingoja maisha yake yote, na kila bao nilikuwa namsimulia moyoni, hatua kwa hatua, nani kampa nani. Kifuani kwa wachezaji paliandikwa jina la shirika la ndege la nchi ile. Kijana mmoja aliyekuwa anasumbuka kusoma alilisoma jina hilo bila kukwama, nikampongeza.

Mtani wangu ana binti, mtoto wake wa mwisho. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, darasa langu, na kwa muda fulani mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele Jumapili kabla ya kanisa. Alipomaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, akauza maandazi, akachoka. Wakala akamtafutia kazi za ndani nje ya nchi. Ilikuwa nchi ile ile. Mtaani hakuna aliyeona ajabu; Wanyamwezi tunajua safari ya kwenda kutafuta, na zamani kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Kibandani walimpa baba yake ujumbe ampelekee.

"Mzee, mwambie atutumie jezi za bure! Yuko kwa wenye timu!"

"Atatuma za timu yangu," akajibu. "Zenu atapigia deki."

Miezi ya kwanza binti alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye akawa anaruka Ijumaa. Simu yake ya mwisho ilikuwa ya kunong'ona. Alisema amehamishiwa nyumba ya ndugu wa mwajiri wake, nyumba kubwa anayoifanyia kazi peke yake, na kwamba pasi ya kusafiria wamekaa nayo wao. Akasema, "Baba, usipige wewe. Nitapiga mimi." Hakupiga. Namba yake ikawa haipatikani. Namba ya wakala iliita mpaka ikakatika, halafu nayo ikawa haipatikani. Baba akaenda ofisi ya serikali inayohusika na wanaofanya kazi nje, akapewa namba za kupiga, akapiga, akaambiwa suala lake limepokelewa.

Kibandani aliendelea kuja, ila akawa mkimya. Nasi, kwa kumwonea haya, tukawa hatumuulizi.

Jumamosi moja tulikuwa na mechi kubwa. Kabla ya kuanza, kamera ikawaonyesha viongozi wa nchi ile wakiwa jukwaani, wamevaa kanzu nyeupe, wanatabasamu, na uwanja mzima wa Waingereza unaimba kuwashukuru. Kibanda nacho kikaimba. Mtani wangu hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani alikuwa amesimama hapo muda. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele yangu.

"Mke wangu, vua."

Watu wakaanza kucheka. "Kaanza huyo!"

"Vua hiyo jezi. Nakamata. Msafara hauendi mpaka hongo ilipwe."

"Ikomboe, mwalimu!" akapiga kelele dereva wa bodaboda. "Mpe soda, mpira unaanza!" Mwenye kibanda, kwa haraka zake, akafungua chupa ya soda akamletea. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na siku nyingine yoyote ingekuwa sawa. Wakaleta ya pili. Mmoja akaongeza na sambusa.

Mtani wangu hakuzigusa. "Sitaki soda," akasema, bila kupaza sauti. "Nimeshika mali ya wale pale. Wao wameshika mali yangu. Mwanangu akirudi, nitaiachia."

Kuna kanuni moja ya utani ambayo haisemwi, kila mtu ameikuta: mtani hutaja bei inayolipika. Akikamata mbuzi anataka kuku, hataki nyumba. Ukisikia bei isiyolipika, ujue utani umekwisha, mtu anasema jambo lake kwa mdomo pekee uliobaki. Nadhani nililielewa kabla ya wengine kwa sababu nilikuwa namtazama mikono. Nikasimama, nikavua jezi, nikabaki na gauni langu, nikaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, nikampa. Akaiweka kwapani, akatoka. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa bado anacheka, akasikia yuko peke yake, akaacha. Filimbi ikalia. Tulishinda siku ile, na sikumbuki hata bao moja.

Nilirudi kibandani Jumamosi iliyofuata, bila jezi. Vijana walikuwa wameshajadili, wakanigeuzia maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Nayaandika hapa kwa sababu sikutaka kuyapuuza wakati ule na sitaki kuyapuuza sasa.

Wa kwanza alisema, "Bibi, wachezaji hawakumchukua binti. Kosa lao nini?" Kweli, hawana kosa.

Mwingine akasema, "Hata Wazungu waliwachukua babu zetu kwa nguvu, na wao ndio wenye ligi. Mbona hatukuwasusa?" Nikamwambia hilo ni zito, na kwamba kosa la jana halilipii la leo, lakini anaweza kuwa na sababu ya kuniona nachagua wa kumsusa.

Dereva wa bodaboda akasema, "Mwalimu, wakiondoka hawa, atakuja tajiri mwingine. Nani ana mikono safi?"

Hapo nikawasimulia niliyoyaona Urambo. Nilipoanza kazi nilipangiwa shule ya huko, kwenye tumbaku. Mwaka mmoja mnunuzi mmoja alileta jezi mpya kwa timu ya shule, na mpira wa ngozi, na viatu. Watoto waliokuwa wakicheza pekupeku walilala navyo. Mwaka huo huo wazazi walikuwa wakilalamika kwamba tumbaku yao nzuri inapangwa daraja la chini. Walikuwa wamezoea kulalamika mbele ya kituo cha kununulia, kwa sauti. Mwaka ule walilalamikia nyumbani. Hakuna aliyewakataza. Ila mtu akishamvalisha mtoto wako, unamlaumu kwa sauti ya chini.

"Hivyo tu," nikawaambia. "Sijui kama mnunuzi yule alikusudia. Nchi ile inakusudia. Haihitaji kuninyamazisha, inahitaji nifurahi tu, furaha itafanya iliyobaki. Msichana wa Tabora amepotea kwao, na sisi hapa, watu wa mtaa wake mwenyewe, tulikuwa tunawaimbia."

Mechi ilipoanza waliishangilia timu, kwa adabu, wakinitazama kwa pembeni, na hapo ndipo niliposhindwa. Mabishano nayaweza. Kushangilia kwao kwa adabu kulinikalisha peke yangu kuliko jezi iliyokuwa haipo. Nikatoka mapumziko, sikurudi.

Jumamosi zikawa ndefu. Watoto wangu wako Mwanza na Dar, wananipigia, wananiuliza kama nimekula. Nilikuwa napalilia bustani saa za mechi, na upepo ukivuma kutoka kwenye mashine nasikia kelele. Kelele za kukosa na kelele za kufunga hazifanani. Za kufunga hukaa. Kila ziliposikika nilijikuta nimesimama na jembe mkononi, moyo umeruka. Mwili haujui nani kanunua nini.

Nilikwenda kwa mtani wangu. Alikuwa amekaa kibarazani, simu iko kwenye chaji, waya umepita dirishani.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Sijui kama ninaweza kumweleza mtu asiye na mtani jinsi neno hilo lilivyoniuma. Alinipa stuli, akaniuliza habari za watoto, akanishukuru kwa kuja. Adabu tupu. Jezi ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ndani, imefuliwa. Aliniona nikiitazama.

"Chukua," akasema. "Nilikosea. Nguo ya marehemu haikamatwi."

"Sijakomboa," nikamwambia. "Kaa nayo."

Tukapiga ile namba ya ofisi pamoja. Mimi nina sauti ya darasani, watu huisikiliza. Nikaeleza jina, mtaa, tarehe ya safari, nikawaomba warudie waliyoandika. Nikafanya hivyo kila wiki. Sisemi kwamba hilo ndilo lililosaidia. Aliyesaidia ni mwanamke mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani kule. Alimwona binti akitupa takataka, wakasalimiana kwa Kiswahili, na siku nyingine akampa simu yake juu ya ukuta. Binti akapata kusema yuko mtaa gani. Kutoka hapo ubalozi ukampata, wenye nyumba wakasema hawakuwa na ubaya wowote, pasi ikatolewa kwenye kabati.

Alikuja kwa treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi. Tulimngoja stendi, baba yake na mimi. Alishuka na begi dogo, amekonda, kiganja cha mkono mmoja kina kovu la pasi ya nguo. Akampigia baba yake goti, kisha akanigeukia. "Shikamoo, mwalimu." Nikamshika. Baba yake alisimama mbele yake kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwisho akamwambia, "Umechelewa. Uji umepoa," wakaanza kulia wote wawili katikati ya stendi, wapiga debe wakawapisha.

Siku za mwanzo nilikuwa naenda kwake asubuhi. Hakupenda kukaa na watu wengi. Jezi niliipewa siku hizo, bila mzaha na bila soda, nikaiweka sandukuni kwa kuwa ni ya mume wangu. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza.

"Mwalimu, ile timu waliinunua ya nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Pale nyumbani hakuna aliyekuwa anaiangalia. Watoto wao wanapenda timu nyingine kabisa, ya Hispania. Mechi ya timu yenu ikiwekwa wanabadilisha. Mimi nilikuwa natamani waiache kidogo, nijue baba huko anawatukana vipi."

Nikauweka ungo mapajani. Miaka yote niliyofundisha, sijapata kuulizwa swali na mtu mwenye haki zaidi ya kujibiwa.

"Hawakuinunua kwa ajili yao," nikasema. "Waliinunua kwa ajili yetu. Ili mimi nikiwa Isevya nikisikia jina la nchi yao nifurahi."

"Na ulifurahi?"

"Nilifurahi sana."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. "Basi si wajinga," akasema. Hakulisema kwa uchungu. Aliendelea kuchambua, nami nikaendelea, mpaka ungo ukaisha.

Baba yake alimpeleka Manyoni, kwa shangazi zake, apumzike mahali ambapo hakuna anayemuuliza. Na mtani wangu mwenyewe hakurudi. Anasema treni zinasikika Manyoni vile vile. Hunipigia mara moja moja, na sasa ananisimanga tena kidogo, lakini utani wa kwenye simu ni kama chai ya kwenye chupa ya jana. Benchi lake limekaliwa na mtu mwingine, kijana mpole aliyetoka Goweko, hashindani na mtu.

Mimi nimerudi kibandani. Nyumba yenye ukimya kila Jumamosi ilinishinda. Naangalia mechi za timu nisizozijua, nawaeleza vijana sheria ya kuotea pale wanapobishana, napiga makofi kama mgeni kwenye harusi ya watu. Timu yangu ikiingia uwanjani nainuka, natoka, natembea mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, nageuka kwenda nyumbani. Mwenye kibanda ameshazoea. Ananirudishia nusu ya kiingilio nisiyoidai.

Wiki iliyopita dereva wa bodaboda alinifuata nje. Ndani walikuwa wanapiga kelele, tumepata kona.

"Mwalimu, kwa hiyo unataka na sisi tuache?"

Nilimtazama. Jezi yake ilikuwa mpya, jina la shirika lile la ndege limepita kifuani kote, na uso wake ulikuwa uleule wa darasa la tatu, wa mtoto anayetaka jibu lakini pia anataka kwenda kucheza.

"Sijui," nikamwambia. "Umeuliza vizuri. Endelea kuuliza. Sasa rudi ndani, watapiga kona hujaiona."

Akakimbia. Nami nikashika njia.